Piko Kwenye Bawa la Jogoo

Nilimpaka piko jogoo wangu.

Nimeiweka sentensi hiyo peke yake ili isipate pa kujificha, kwa sababu nimeshaificha vya kutosha. Nilikana mbele ya mwalimu mstaafu ninayepakana naye ukuta huku Mbweni. Nilikana mbele ya mama mdogo, ambaye piko yenyewe, rangi nyeusi ya kuchorea maharusi, ilikuwa yake. Nilikana hata mbele ya mzee mmoja wa Chang'ombe aliyeniuliza uso kwa uso, jogoo akiwa mikononi mwake. Wiki ile ile nilikuwa nimechapisha makala ndefu kuhusu uadilifu katika utumishi wa umma. Watu waliisifu. Hata mimi niliisifu.

Kwa asiyefuga, nieleze kidogo. Kuchi ni kuku mrefu wa huku kwetu pwani, mwenye shingo ndefu, upanga mdogo uliolala kichwani, kifua kigumu kama mlango wa mninga, na miguu minene ya manjano. Hatembei kama kuku wengine. Anatembea kama mjumbe aliyeitwa kusuluhisha ugomvi: taratibu, kichwa juu, akijua kwamba watamsubiri. Ukishamwona kuchi mmoja mzuri amesimama juani asubuhi, kuku wengine wote wanakuwa mboga.

Mimi niliambukizwa nikiwa mtu mzima, watoto wameshaondoka, nyumba imepoa. Mwalimu ndiye aliyeniambukiza. Yeye ametoka Moshi, kafundisha hesabu maisha yake yote, na anafuga kuchi kama anavyosahihisha madaftari: kila kitu kina alama, na alama hazitolewi kwa huruma. Kwa miaka mitatu alinichungulia juu ya ukuta na kuniambia vifaranga wangu wana kasoro gani. "Huyo kifua chake kimeingia ndani, jirani." "Huyo mguu wake wa mwewe." Nilikuwa na shahada mbili, na sikuwa nimewahi kupata alama mbaya mfululizo namna hiyo.

Halafu akatoka yule. Nilimtotolesha mwenyewe, chini ya tetea niliyemnunua kwa kumpenda macho tu. Alipofika miezi mitano nilianza kunywa chai yangu uani ili nimwangalie. Alikuwa mweusi, na si weusi wa masizi. Weusi wake ulikuwa na kijani ndani yake, kama mgongo wa mende (samahani, lakini ndiyo rangi yenyewe). Alisimama wima mpaka ungedhani ameshikiliwa kwa kamba kutoka juu. Mwalimu alichungulia, asitaje kasoro yoyote. Akaondoka. Akarudi kuchungulia tena. Nilikaribia kupiga vigelegele.

Nieleze pia kuhusu mashindano, maana bila hayo hamtaelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu alifanya alichofanya. Wafugaji wa kuchi wa jiji hili hukutana Jumapili mojamoja, kila mara mahali tofauti. Hawapiganishi, wanaonesha. Kundi la weusi ndilo kundi la wakubwa, na sheria yake ni moja: mweusi awe mweusi kila mahali. Jaji anamkunjua jogoo bawa moja baada ya jingine, kama mtu anayefungua mwavuli. Akiona unyoya mmoja tu usio mweusi anapaza sauti: "Jeupe!" Na uwanja mzima unamjibu: "Pilau!" Hapo unabeba tenga lako unaondoka, na watu wanakuuliza mchele umeshanunua au bado.

Zilikuwa zimebaki siku nane tulipopata habari za mashindano ya Temeke. Asubuhi moja jogoo wangu akaruka juu ya ukuta kuliamkia jua. Akapiga mabawa. Na ndani ya bawa la kushoto, katikati kabisa ya weusi ule, nikaona manyoya mawili meupe pe.

Nilikaa chini kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Kuyang'oa kusingesaidia. Unyoya mkubwa wa bawa ukiutoa unaacha pengo, na majaji wanayajua mapengo kuliko daktari wa meno. Siku tano nilimtazama yule ndege bila raha. Siku ya sita, Jumamosi, mama mdogo akakoroga piko.

Mama mdogo ni mdogo wake mama, mpambaji wa maharusi tangu mimi sijaanza shule. Nyonga ilipoanza kumsumbua nikamhamishia kwangu, akaja na sanduku lake la hina, piko, udi na vijiti vyembamba kama sindano. Siku hiyo alikuwa na bibi harusi mtaa wa pili. Alipoingia kuoga, bakuli lilikuwa mezani limefunikwa na sahani. Nikachota kidogo kwenye kikombe cha kahawa.

Nilimviringisha jogoo kwenye kanga, kichwa ndani, bawa nje, nikamweka mapajani. Mkono haukunitetemeka. Hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo: mkono ulikuwa mtulivu kama wa mama mdogo mwenyewe. Nilipaka unyoya wa kwanza, nikapaka wa pili, nikampepea kwa jalada la jarida la chuo mpaka yakakauka. Nilipomkunjua bawa, weusi ulikuwa mmoja. Na hapo, nisiseme uongo mwingine, nilifurahi kupita kiasi.

Hoja nilikuwa nazo. Mtu hasomi chuo kikuu miaka yote ile halafu akakosa hoja. Nilijiambia kila mfugaji anapamba. Tunawaosha kuku kwa sabuni ya mtoto. Tunawapaka mafuta ya nazi miguuni ili magamba yang'ae. Mwalimu mwenyewe, pamoja na ukali wake wote, anamsugua jogoo wake makucha kwa mswaki. Sasa mpaka uko wapi? Nani aliyeuchora? Niliona hata naweza kuandika makala.

Jumapili nilimfunga mkanda kiti cha mbele. Tenga lilikuwa kubwa, mkanda ukatosha kwa shida, na kwenye mataa dereva wa bajaji akanichungulia dirishani: "Mama, huyo ndo shemeji?" Nikamwambia ndiye. Akampigia saluti.

Uwanja ulikuwa nyuma ya gereji, umefagiwa, umenyunyizwa maji, na tangu barabarani unawasikia majogoo wakijibizana na spika. Singeli inakwenda mbio, majogoo wanakwenda mbio zaidi. Wapo waliokuja na pikipiki, tenga limefungwa nyuma kama abiria. Yupo aliyekuja na jogoo kamkumbatia kifuani chini ya koti. Watoto wapo kila mahali, na wauza kahawa, na wanaume wanne wanabishana kuhusu kipi cha jogoo, ule mwiba wa mguuni, kana kwamba wanabishana kuhusu katiba. Moyo wangu ulikuwa ukidunda. Nimehudhuria mahafali yangu mwenyewe mara mbili na sikuwahi kujisikia vile.

Weusi tulikuwa kumi na wanane. Majaji watatu wakaanza.

"Jeupe!"

"Pilauuu!"

Mtu wa kwanza akatoka anacheka, wa pili akatoka amenuna. Wa tano alikuwa jamaa wa miraba minne aliyembusu jogoo wake kabla ya kumkabidhi, "Jeupe!" ikasikika, na nikaona midomo inamtetemeka. Walipomfikia wangu, jaji wa katikati, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamkunjua bawa la kulia. Akapitisha kidole. Akamkunjua la kushoto. Akapitisha kidole, akarudia. Jua lilikuwa linawaka, na manyoya yote yakametameta.

"Safi," akasema.

Wakamweka mezani asimame. Na huko, wapendwa, hakuna piko iliyomsaidia. Alisimama kwa nguvu zake mwenyewe, akainua shingo, akawatazama wale majaji mmoja mmoja, akawika. Uwanja ukalipuka. Tukapewa kikombe cha kwanza, na mwalimu akapewa cha pili. Niliruka juu. Nina miaka hamsini na mbili na goti lenye historia, na niliruka juu.

Mwalimu alikuja kunipa mkono, kiungwana kabisa. Akamwinamia jogoo wangu. Akanusa.

"Jirani, mbona jogoo wako ananukia bibi harusi?"

"Udi," nikasema. "Tulifukiza nyumba jana."

"Aisee," akasema. Neno hilo lilitoka kinywani mwake kama kalamu nyekundu.

Ndipo akaja yule mzee. Alikuwa amefanya kazi kiwandani Chang'ombe tangu ujana, mashine zikamla masikio, kwa hiyo anaongea kama aliye upande wa pili wa barabara. Jicho moja lilikuwa na ukungu mweupe, na la pili lilianza kufuata. Watu walimpisha. Mwalimu aliwahi kunisimulia habari zake: ana kuchi weusi walioanzia kwa mama yake mzazi, na tangu enzi za mama huyo halijatoka jeupe hata moja. Kideri cha mwaka uliopita kilipita bandani kwake kikamwachia koo watatu tu, kuku majike wazee, na bila jogoo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba! Wewe ndiye mwenye huyu mtemi? Nipe nimshike!"

Akampapasa. Akaanzia kidevuni, akateremka shingoni, akapima kifua kwa kiganja, akapitisha kidole gumba kwenye mifupa ya miguu. Kila alipofika aliguna, kama mtu anayekula chakula alichokikosa siku nyingi.

"Koo wangu wanazeeka, mwanangu! Wakitaga tena ni mara moja, ikizidi mbili! Nimekuwa nikitafuta jogoo wa kuwapa tangu mwaka jana. Nikikosea safari hii, basi, kazi ya mama yangu imeisha, nabaki nafuga pilau!" Akacheka, watu wakacheka. Kisha akanisogelea, na kwa mara ya kwanza akashusha sauti. "Macho yangu haya hayafai kitu. Majaji wana macho lakini wana haraka. Wewe umemlea. Ana jeupe?"

Mwalimu alikuwa amesimama pale pale. Kikombe kilikuwa kwapani kwangu.

"Hana," nikasema.

"Mungu akubariki! Mtetea mweusi wa kwanza ni wako!"

Jogoo akaenda Chang'ombe wiki hiyo hiyo. Na mzee, mashallah, alikuwa mtu wa simu. Alinipigia siku jogoo alipoingia bandani: "Wamempokea! Kama mfalme!" Alinipigia siku koo wa kwanza alipotaga: "Yai! Yai, msomi wangu!" Siku nyingine hakuwa na habari yoyote, aliiweka tu simu bandani nisikilize. Na mimi, aibu yangu yote pembeni, nilisisimka kila mara. Nilitoka mbio na taulo kichwani. Nilisimama uani na simu sikioni nikisikiliza kuku wa watu wakikokoreka upande wa pili wa jiji, nikacheka peke yangu, halafu nikakumbuka.

Kile kikombe nilikiweka sebuleni, nikakitia kalamu ili kisionekane kama kikombe.

Mama mdogo hakuniuliza kitu kwa wiki nne. Alisubiri siku niliyokuwa namkanda nyonga, nikiwa nimeinama, siwezi kukimbia.

"Wee mtoto. Piko yangu siku ile ilipungua."

"Nilijaribu kwenye mvi, mama mdogo."

"Mvi zipi?"

"Hizi."

Akageuza shingo akanitazama kichwa. "Mbona bado ziko pale pale zinanicheka?"

Nikaendelea kukanda.

"Nilidhani umempata mwanaume," akasema. "Nikafurahi kidogo. Kumbe mwanaume mwenyewe ana manyoya."

Nikakana. Nikakana kwa sauti ya chini, kwa maneno mengi, na katikati ya maneno yale nikatumbukiza ile hoja yangu: sote tunapamba, yeye mwenyewe kazi yake ni kupamba, mpaka uko wapi? Akanisikiliza mpaka mwisho, kama anavyomsikiliza bibi harusi anayelialia.

"Mie nikimpamba mtu," akasema, "kila anayemwona anajua kapambwa. Hakuna mkwe anayedhani binti kazaliwa na maua mikononi. Ndo maana wanamsifu, na mie wananisifu. Wewe kwa hilo lako, nani kakusifu?" Akanisukuma mkono nikande juu zaidi. "Na piko inakaa kwenye unyoya, mwanangu. Haiingii kwenye damu. Akinyonyoka, yataota meupe yale yale. Na watoto wake je?"

Ningependa kusema nilinyanyuka pale pale nikapiga simu. Sikupiga. Nilihesabu. Nilijiambia huenda weupe haurithiwi. Nikasoma kuhusu urithi wa rangi kwa ndege mpaka macho yakaniuma, na nilichopata ni kwamba huenda unarithiwa, tena huenda ukaruka kizazi kimoja ukatokea cha pili, pale ambapo mzee asingekuwepo tena kuutoa. Nilijiambia nitasema Ijumaa. Ijumaa akapiga kunieleza kwamba koo wawili wa kwanza wamegoma kutaga zaidi, wamezeeka kweli, lakini yule wa tatu anakwenda vizuri, yai baada ya yai. Alikuwa na furaha mno. Nikasema nitasema Jumatatu.

Jumatano, saa nne asubuhi, nilikuwa natoa kinyesi bandani, simu ikalia.

"Msomi! Kaatamia!"

Nikaitoa simu sikioni kidogo kwa ajili ya ile sauti. "Nani, mzee?"

"Koo wangu! Kaatamia tangu jana, kavimba kama mto! Nimechagua mayai kumi na moja, witiri, kama alivyonifundisha mama. Mke wangu anayo hapa kwenye ungo. Nikasema kabla sijamwekea nikupigie, usikie! Maana hii ndiyo yenyewe, mwanangu! Sikia!"

Nikasikia. Ule mguno wa kuku anayetaka kuatamia, mzito, unaotoka chini kabisa. Nikasikia na mama mmoja akicheka nyuma, na mayai yakigusana kwenye ungo, taratibu.

"Mzee, usiweke."

"Eh?"

"Usiweke mayai!" Sasa na mimi nilikuwa napiga kelele. Kuku wangu wote wakasimama. "Jogoo ana jeupe! Manyoya mawili, bawa la kushoto! Nilimpaka piko! Nilikudanganya, mzee, nilikudanganya pale pale uwanjani!"

Mayai yakaacha kugusana kwenye ungo.

Kisha nikamsikia, si kwangu, kwa mkewe: "Mtoe kiotani. Mtoe, mloweshe tumbo maji apoe. Hayo mayai peleka jikoni." Sauti ya mama ikauliza kitu. "Jikoni, nimesema! Yote!"

Akarudi kwangu. Aliongea taratibu, kama watu wengine wanavyoongea.

"Piko."

"Ndiyo, mzee."

"Ile ya harusi."

"Ile ile."

"Nimekaa na kuku miaka yote hii. Nimeona waliong'oa, nimeona waliopaka masizi, nimeona mmoja katumia rangi ya viatu. Piko!" Akapumua. Sikuweza kujua kama ni hasira au ni kitu kingine. "Huyu koo akipoa, akanitagia tena, basi. Asipotaga, ni wewe. Nataka ujue hivyo. Sikuambii ili ulie, nakuambia ili ujue."

"Najua, mzee."

"Na mbegu ya jogoo wako itakaa ndani yake wiki tatu nzima. Wiki tatu sigusi yai. Baada ya hapo nahitaji jogoo." Akakohoa. "Yule wa nafasi ya pili. Ni wa jirani yako, siyo?"

"Ni wa mwalimu."

"Yupo?"

Nikatazama ukuta. Mwalimu alikuwepo. Kwa kelele nilizopiga, nadhani hata Bunju walikuwepo. Alikuwa amesimama upande wake, mswaki wa makucha mkononi, jogoo wake chini ya kwapa, ananitazama.

"Yupo, mzee."

"Mpe simu."

Nilitembea hatua kumi na mbili na viatu vya bandani, nikaipitisha simu juu ya ukuta. Mwalimu akaweka mswaki mdomoni kwa makosa, akautoa, akaushika vizuri, akaipokea simu bila kuniondolea macho.

"Shikamoo mzee... Ndiyo, nimesikia yote... Wangu? Hana. Hata moja." Akasikiliza. Uso wake, ambao kwa miaka mitatu sikuwahi kuuona ukibadilika kwa jambo lolote, ukaanza kung'aa kama wa mtoto aliyeitwa jina lake mbele ya shule. "Leo? Namleta leo hii, mzee! Lakini usinisadiki. Mpapase mwenyewe, na uweke beseni la maji na sabuni tayari, umsugue mbele yangu."

Akanirudishia simu. Ilikuwa imeshakatwa.

"Kikombe," akasema.

Nikaingia ndani kukitoa zile kalamu.